Mwanyumba

Mume wangu ni fundi kufuli, na mtaani kwetu hana jina jingine ila Kufuli. Jina lenyewe lingemfaa hata kama angekuwa mkulima. Ukimsalimu asubuhi, jibu unaweza kulipata mchana. Silalamiki, niliolewa naye nikijua, na kusema kweli, kwetu tulikuwa na maneno ya kutosha kabla yake.

Mdogo wangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, yeye aliolewa na mwoka mikate. Huyo wanamwita Hamira, kwa sababu ukimtilia neno dogo tu anaumuka mpaka anafurika sufuria. Ukienda kununua mkate mmoja, utarudi na mkate, habari za mtaa wa tatu, na maoni yake kuhusu mvua.

Basi ndugu wawili tukamletea mama yetu wakwe wawili, mmoja kimya, mmoja kelele, na kwa miaka kumi na mmoja wanaume hao hawakuwa na la kuitana.

Si utani. Sisi wengine tulikuwa tumejipanga vizuri. Mimi ni shemeji kwa Hamira, mdogo wangu ni shemeji kwa Kufuli, mama ni mama kwa wote. Lakini wao kwa wao? Mwanzoni Hamira alijaribu "kaka". Kufuli akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa. Hamira akajaribu "shemeji". Kufuli akafikiri kidogo, akasema, "Mimi sijaoa dada yako," akaendelea kula. Hakusema kwa ubaya. Yeye ni fundi wa vitu vinavyoingiana sawasawa, na neno lile aliona haliingii. Lakini Hamira alilichukulia vibaya, na kuanzia siku ile wakabaki na "wewe bwana" wakiwa wawili, na "huyu bwana" mbele za watu.

Kila Jumapili mchana tulikuwa tunakula kwa mama. Wanaume hao walikaa ncha mbili za meza kama nguzo za goli. Ugomvi haukuwapo. Wangegombana ningefurahi, maana wagombanao ndio wapatanao. Palikuwa na adabu tu, na adabu ikizidi inachosha.

Sasa sikia yaliyotokea.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mimi ni karani wa shule, nilikuwa naandika majina ya wanafunzi wapya, simu ikalia. Mdogo wangu. Akasema kwa pumzi moja, "Dada, mama amejifungia bafuni, ufunguo umekatika, nusu iko mlangoni nusu iko mkononi, Hamira ameshakimbia huko, mwambie Kufuli."

Mama yetu ana miaka sabini na miwili. Alikuwa mkunga miaka thelathini na nane, na anaishi peke yake kwa kupenda kwake. Nyumba nzima ni yake, hakuna wa kumchungulia, lakini akienda kuoga lazima azungushe ufunguo mara mbili. Bahati nzuri huingia na simu yake ili asikilize redio.

Nikampigia mume wangu. Alikuwa upande wa pili wa mji, anafungua kasha la chuma la ofisi fulani. Akasema neno moja: "Nakuja." Nikaomba ruhusa, nikatoka.

Nilipofika, Hamira alikuwa amesimama mbele ya mlango wa bafu, amevaa aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima ya mama mkwe.

"Mama," akaita, "samahani, mama. Umevaa?"

"Nimevaa tangu saa tatu," mama akajibu kutoka ndani. "Ulidhani nitamngoja nani nikiwa uchi?"

"Basi sogea, mama, niupige mlango."

"Nisogee niende wapi? Bafu lenyewe ni la hatua mbili! Na mlango wangu usiuvunje. Mngoje mwenzio, yeye ndiye mwenye kazi hiyo."

Pale kwenye "mngoje mwenzio" nikaona shingo ya Hamira imesimama. Nikamwambia, "Shemeji, Kufuli yuko njiani, hata nusu saa haifiki." Akasema, "Shemeji, mama wa miaka sabini hawezi kukaa nusu saa kwenye unyevu. Mlango ni mbao tu."

Akarudi nyuma hatua nne, akakimbia, akaupiga kwa bega.

Mlango ule marehemu baba aliutengenezesha kwa mbao ngumu wakati mbao ngumu zilikuwa bado zinapatikana. Haukutikisika. Kilicholia ni bega. Hamira alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka.

Kufuli akaingia dakika chache baadaye na mkoba wake. Akamtazama Hamira sakafuni, akatazama mlango, akapiga magoti. Alikisukuma kile kipande cha ufunguo kwa waya mwembamba, kikaangukia ndani, ting. Akaingiza waya mwingine uliopinda kichwa, akasikiliza, akageuza mara mbili. Mlango ukafunguka. Sijui kama dakika mbili zilitimia.

Mama akatoka, nywele zimefungwa vizuri, simu mkononi, redio bado inaongea. Hakumshukuru mtu. Alimwinamia Hamira, akamgusa bega kwa vidole viwili.

"Limetoka," akasema. "Mpelekeni zahanati. Mimi ni fundi wa watoto wachanga, hawa wenye ndevu siwawezi."

Mdogo wangu alikuwa ameachwa na mikate ndani ya tanuri, hakuweza kutoka. Mimi ilibidi nibaki na mama, maana alikuwa ameanza kutafuta pa kukaa ingawa mdomo ulikuwa mzima. Kwa hiyo wakaondoka wao wawili kwenye teksi, Kufuli amemshika Hamira kiunoni kama mtu anayebeba kioo cha dirisha.

Yaliyotokea zahanati niliyasikia jioni. Mume wangu, ambaye maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole, siku ile alikaa jikoni akanisimulia bila kuulizwa. Nikaacha kumenya viazi.

Daktari alisema bega litarudishwa, lakini mgonjwa achomwe kwanza sindano ya usingizi, na kwa sababu hiyo ndugu yake asaini fomu. Mapokezini palikuwa na mama mmoja mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Akamuuliza Kufuli, "Wewe ni nani wake?"

Kufuli akaitazama fomu kama kitasa asichokijua.

"Ndugu wa damu?"

"Hapana."

"Shemeji?"

Na mume wangu, kwa ukweli wake ule, akasema, "Si hasa."

"Si hasa ndiyo nini? Umeoa dada yake?"

"Hapana."

"Yeye kaoa dada yako?"

"Hapana."

"Basi mna ndoa gani?"

Kufuli akajaribu. Alisema, "Mke wake na mke wangu..." halafu akakwama, kwa sababu nyuma yake palikuwa na foleni, na watu wa foleni walianza kutega masikio, na sentensi inayoanza na wake za watu wawili inaweza kuishia popote. Yule mama akashusha pumzi, akaandika. Kufuli aliposogezewa fomu asaini, akasoma pale penye uhusiano: *Mtu baki*.

"Ukasaini?" nikamuuliza.

"Alikuwa anaumwa. Nikasaini." Akachukua kiazi kimoja, akakigeuzageuza. "Yeye aliiona fomu. Akasema, 'Sawa tu, hata mimi ningeandika hivyo.'"

Nilitaka kucheka, lakini nikamwona uso. Mtu baki. Miaka kumi na mmoja wanakula chungu kimoja, watoto wetu wanavaliana nguo, kisha mtu baki. Nikaendelea na viazi vyangu.

Daktari aliamuru mkono ufungwe kwa kitambaa shingoni, na kukanda unga marufuku kwa wiki sita. Hapo ndipo balaa. Duka lao ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na tanuri liko uani. Mdogo wangu anauza, anapanga, anasimamia tanuri. Kukanda ni kwa mikono ya Hamira. Mashine hawana. Siku ya kwanza mdogo wangu alikanda mwenyewe, akatoa nusu ya mikate, na usiku hakuweza kushika hata kijiko.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Kufuli alifunga kibanda chake akaenda huko. Hakuniambia mimi, hakumwambia mtu. Mdogo wangu anasema aliingia, akavua saa, akanawa mikono mpaka viwiko, akasimama mbele ya beseni.

"Nifanye nini?" akauliza.

Hamira alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, amenuna kama mtoto aliyenyimwa. Akamtazama. "Unajua kukanda?"

"Hapana."

"Basi tutafunga duka."

"Nifundishe."

Mikate ya siku ile ningependa niisahau. Mteja mmoja aliurudisha wake akisema anaomba chakula, nyumba anayo tayari, hahitaji tofali. Lakini Kufuli ni mtu wa mikono. Siku ya nne akawa ameelewa unga unataka nini. Siku ya saba alikuwa anaubonyeza kwa kidole na kusikiliza, hivyo hivyo anavyosikiliza kitasa. Na Hamira pale kwenye kigoda alikuwa anaongea. Aliongea juu ya unga, joto, maji, wateja, baba yake, mpira. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepata mtu asiyeweza kuondoka, maana mikono imezama kwenye beseni.

Jumamosi ya pili nilikwenda kusaidia kuuza, na mama akaja nami, akakalishwa kwenye kiti karibu na mlango wa uani ili apate upepo. Nikasikia Hamira anasema kule ndani:

"Wewe bwana, ngoja nikuulize. Mwaka ule nilipofungua duka hili, watu wote walikuja. Hata watu nisiowajua. Wewe hukuja. Kwa nini?"

Nikasikia unga unapigwa kwenye beseni. Nilidhani ndiyo hivyo tena. Kisha sauti ya Kufuli:

"Nilikuja."

"Ulikuja lini?"

"Alfajiri. Nilikuwekea kitasa cha mlango wa mbele. Kile cha zamani kilikuwa kinafunguka hata kwa kijiko."

"Kitasa kile si aliweka seremala?"

"Seremala anaweka bawaba. Kitasa ni mimi. Mkeo alinipa ufunguo."

Nikamtazama mdogo wangu. Akafumba macho. "Nilisahau kumwambia," akaninong'oneza. "Dada, siku ile nilikuwa na mikate mia mbili."

Kule ndani Hamira alikuwa amepandisha sauti. "Miaka minane nafungua mlango ule! Kwa nini hukusema?"

"Nawe kwa nini uliwaleta wageni wako kibandani kwangu ukawaambia, 'Huyu ni fundi wangu'? Mimi ni fundi wako?"

"Sasa ningesemaje? 'Wageni wangu, huyu ni mume wa dada wa mke wangu'? Wangekuwa wamesinzia kabla sijamaliza!"

"Ungesema..." akaanza Kufuli, akatafuta, akakosa. "Sijui ungesemaje."

"Unaona!"

"Naona."

Mama aliweka kikombe chake chini. "Nyinyi wawili," akaita, "njooni hapa."

Wakaja mlangoni, mmoja na unga mpaka viwikoni, mwingine na mkono shingoni.

"Kwani nyinyi hamwitani mwanyumba?"

Wakatazamana. Hamira akasema, "Mwenye nyumba?"

"Mwa-nyumba. Mkwe wenu marehemu, baba wa hawa, na mume wa dada yangu, walikuwa wanaitana nini siku zote? Mwanyumba. 'Mwanyumba, umeamkaje.' 'Mwanyumba, nishikie ngazi.' Wanaume waliooa ndugu, ndiyo neno lao. Halihitaji maelezo."

"Mama," nikasema, "miaka kumi na mmoja! Kwa nini hukuwaambia?"

"Hawakuuliza. Nilidhani wanalijua wakaona haya. Mimi nimezalisha watoto sijui elfu ngapi, kila mmoja alipewa jina kabla ya wiki kwisha. Nitajuaje kwamba watu wazima na ndevu zao wamekaa muda wote huo bila jina?"

Binti yangu wa miaka tisa, aliyekuwa anafungasha mikate, akadakia. "Bibi, na mimi naweza kumwita baba mdogo mwanyumba?"

"Huwezi. Wala mama yako hawezi. Hilo ni la wanaume hao wawili. Mmoja kaingia nyumbani kwangu akamkuta mwingine, au mwingine akamkuta yeye, na wote ni wageni wa nyumba moja. Ugeni wenyewe ndio udugu wao."

Hamira alilirudia neno kwa sauti ndogo, akilionja. Kisha akakunja uso. "Lakini mama, halina harufu ya unyumba? Watu watatuelewa vibaya."

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika meza. Hata mama alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. Kufuli ndiye aliyejibu, bila kucheka, kama anatoa bei ya kazi: "Watakaoelewa vibaya ni shauri yao. Neno linaingia sawasawa."

Akarudi kwenye beseni. Baada ya hatua mbili akageuka. "Mwanyumba," akasema, "maji haya yanatosha?"

Hamira alikohoa. "Ongeza kikombe, mwanyumba."

Wiki ile walilitumia neno kama watoto waliopewa filimbi. Mwanyumba nipe kile, mwanyumba angalia moto, mwanyumba unasemaje. Mpaka mteja mmoja, mama wa duka la vitambaa, akasikia vibaya na kutangaza mtaa mzima kwamba Hamira ameshindwa na mambo, na sasa mwenye nyumba mwenyewe ameingia kukanda unga. Watu wakaanza kuja kumpa pole mdogo wangu. Mmoja alimshauri ahamie kwa mama. Na mwenye nyumba wa kweli, mzee mmoja mpole, alikuja akiwa na wasiwasi kabisa, akauliza, "Nasikia ninaoka mikate?" Ilibidi Hamira asimame mlangoni awafafanulie watu mmoja mmoja, kazi aliyoifanya kwa furaha isiyo kifani. Hakuna aliyetoka pale bila kujua mwanyumba ni nani, na bila mkate. Mikate iliuzwa siku zile kuliko hata kabla ya bega kuteguka.

Mimi jambo lililonishangaza ni la nyumbani. Kufuli akirudi jioni alikuwa anakuja na habari. Nakaa naye mezani, ghafla anasema, "Mwanyumba anasema mvua za mwaka huu zitachelewa." Au, "Mwanyumba amewahi kuwa mlinda lango, ulijua?" Sikujua. Miaka kumi na mmoja ni shemeji yangu, sikujua alikuwa mlinda lango. Kibandani kwake kukaongezwa kiti cha pili, na Hamira alipokuwa hana kazi asubuhi, mkono shingoni, alikwenda kukaa pale akawaongelesha wateja wakati funguo zao zinachongwa. Kufuli aliniambia kwamba hata malalamiko ya kuchelewesha kazi yamekwisha; mtu akifika, Hamira anamshika kwa maneno, anasahau kuangalia saa.

Wiki sita zikaisha. Daktari alimfungua mkono, akamwambia aanze taratibu, ila asiunyanyue juu. Jumatatu ile Hamira alisimama mwenyewe mbele ya beseni, kajifunga aproni, akaanza kukanda huku anauma meno kidogo. Mdogo wangu alinipigia simu kuniambia, na mimi nikamwambia Kufuli wakati wa chakula cha mchana.

"Mwenzio amepona. Leo anakanda mwenyewe."

"Vizuri," akasema.

Akamaliza kula, akanawa, akavua saa yake, akaiweka mfukoni. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kazini. Kibanda chake kiko kushoto ukitoka nyumbani kwetu, na yeye akakata kulia.

Nilimfuata kwa macho tu. Sikuwa na haja ya kwenda. Lakini jioni nilipita kuchukua mkate. Dukani nilimkuta mdogo wangu amekaa nyuma ya meza, shavu mkononi, anasikiliza sauti za uani.

"Wanafanya nini?" nikauliza.

"Wanagombana."

Nikashtuka. "Juu ya nini?"

"Mmoja anasema unga umeumuka wa kutosha, mwingine anasema bado robo saa. Tangu saa tisa." Akapiga mwayo. "Dada, huyu mume wako zamani alikuwa anaongea hivi?"

Tukachungulia. Walikuwa wameinamia beseni moja, vichwa karibu vigusane, kila mmoja amechomeka kidole chake kwenye unga. Hamira alikuwa anaeleza jambo kwa mkono aliokatazwa kuunyanyua. Kufuli alikuwa anatikisa kichwa.

"Mwanyumba," alikuwa anasema, "sikiliza. Wewe unaongea. Usiongee, sikiliza unga."

Mdogo wangu akanifungia mikate miwili, nikaondoka zangu, na yeye akafunga mlango wa mbele ili wamalizane.